Wapagazi Wasio na Jina: Gusii na Kumbukumbu ya Vita

Kwenye Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi wamesimama wanaume watatu wa shaba ambao wapita njia wengi hawana habari nao. Wamo askari, na yumo mpagazi, yule aliyebeba mzigo wa jeshi. Maandishi ya mnara huo wa mwaka wa 1928, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Uzunguke mnara mzima: hutaona jina la marehemu hata mmoja.

Kwa Wagusii wa Nyacheki, soko la Bobasi katika Kaunti ya Kisii, ahadi ya namna hiyo ina masharti yake. Mgusii akifa ugenini, jamaa huchanga pesa arudishwe nyumbani. Kaburi huchimbwa bomani, hatua chache kutoka mlangoni, na jina lake hupewa mtoto atakayezaliwa baadaye katika ukoo. Jirani zao Waluo, mwili ukikosekana kabisa, huzika tunda la yago mahali pake.

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, hawakurudishwa.

Vita viliwafikia Wagusii mapema. Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii, na tarehe 12 wakapambana na kikosi cha King's African Rifles, KAR, jeshi la Waingereza, vilimani nje ya mji. Kapteni Thorne, aliyekiongoza kikosi hicho, aliuawa. Kwa kuwa maofisa wa serikali walikuwa wamekwisha kuondoka, wenyeji walivamia maduka na ofisi wakichukua walichokipata. Waingereza waliporudi walitwaa ng'ombe kama adhabu, kisha wakataka vijana wa kubeba mizigo ya jeshi.

Jeshi hilo halikuwa geni kwao. Mwaka wa 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki mtawala Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti, KAR iliua watu wengi wa Gusii, hadi Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, akalalamika kutoka London. Miaka sita tu baadaye, vijana wa nchi hiyohiyo walikuwa wakibeba risasi na unga wa jeshi lilelile.

Binadamu walibebeshwa kwa sababu wanyama hawakudumu: mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo njiani kuelekea kusini. Wapagazi nao waliangushwa zaidi na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Hesabu za jeshi lenyewe ziliandika vifo zaidi ya 40,000. Mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, bado inabeba jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Majina ya watu yalipotelea wapi? Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza, iliyoundwa 1917, iliamua kwamba Waafrika wengi watoshelezwe na sanamu ya pamoja. Mshauri wake wa maandishi alikuwa Rudyard Kipling, anayetajwa kuwa mwandishi wa ahadi ile ya mnarani. Ripoti ya tume hiyo ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi.

Vita vya pili vilileta mabadiliko. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyobeba mamia ya wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki kutoka Mombasa, ilizamishwa karibu na Maldives. Bahari haikuacha kaburi, lakini makaburi ya kijeshi ya Barabara ya Ngong, Nairobi, yana mnara wa majina kwa waliokosa kaburi.

Baada ya kambi ya jeshi la Kenya kushambuliwa huko El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, ilibidi baadhi ya miili itambuliwe kwa vipimo vya DNA kabla ya kukabidhiwa familia. Idadi kamili ya waliouawa serikali haikuitangaza. Ila kila sanduku lililofika kijijini likiwa limefunikwa bendera lilikuwa na mwenyewe: mizinga ilipigwa, bendera ikakunjwa akapewa mjane au mzazi, na jina likaandikwa kaburini.

Huko Cape Town, Januari 2025, kulizinduliwa kumbukumbu ya vibarua weusi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni mihimili ya mbao, zaidi ya 1,700, kila mmoja na jina la mtu wake. Mpagazi wa Barabara ya Kenyatta bado hana lake.