Laini Nayo Ina Uraia

Ndani ya kila laini ya simu kuna namba ndefu ambayo mwenye simu haioni. Si ile anayowapa rafiki zake. Ni nyingine, na tarakimu zake tatu za kwanza hutaja nchi. Laini ya Kenya huanza na 639, ya Tanzania 640, ya Uganda 641, ya Burundi 642. Ukivuka mpaka pale Namanga na simu yako ikatafuta mnara wa upande wa pili, tarakimu hizo husomwa mara moja. Mtandao unakutambua kuwa mgeni kabla afisa uhamiaji hajaifungua pasi yako.

Ukitaka kujua kwa nini msafiri akifika ugenini hukimbilia kutafuta laini ya wenyeji, fuata historia ya tarakimu hizo tatu: nani alitaka zisomwe, nani alitaka zipuuzwe, na nani alilipia.

Laini ilizaliwa ili isafiri. Mwaka 1991 kampuni ya Kijerumani ya Giesecke & Devrient iliiuzia Radiolinja ya Finland kadi 300 za kwanza, kila moja ikiwa na ukubwa wa kadi ya benki. Jambo jipya lilikuwa kumtenganisha mteja na chombo chake: chomoa kadi, ichomeke kwenye simu nyingine, na namba yako inakufuata. Mwaka 1992 mtandao wa Finland na Vodafone ya Uingereza wakawekeana mkataba wa kwanza wa kupokeleana wateja. Utaratibu wake ni ule ule hadi leo. Mtandao mwenyeji huuliza nyumbani: huyu ni wenu? Nyumbani wakikubali, mgeni anapewa huduma, na hesabu inafuata baadaye.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwenye biashara hii mwenyeji alipona kwelikweli. Kampuni ya ugenini iliitoza ya nyumbani, ya nyumbani ikaongeza chake juu, na msafiri akakutana na bili akiwa hana wa kumlalamikia, maana mamlaka ya nchi moja haipangi bei za nchi nyingine. Hata Umoja wa Ulaya, wenye soko moja kwa miaka mingi, uliziondoa gharama hizo tarehe 15 Juni 2017.

Afrika Mashariki ilitangulia, na ilikuwa na kumbukumbu ya kuegemea. Hadi Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilihudumiwa na shirika moja la posta na simu. Shirika likagawanywa, lakini likaacha alama: kupiga Kenya kutoka kwa majirani ni 005, Uganda 006, Tanzania 007, njia ya mkato ya watu waliowahi kuwa nyumba moja. Kisha Septemba 2006 Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, ikaunganisha mitandao yake ya nchi hizo tatu. Mteja wa Dar es Salaam aliyefika Kampala alipiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, na kuongeza salio kwa vocha ya pale pale. Kampuni binafsi ilikuwa imezifumbia macho zile tarakimu tatu, karibu miaka 11 kabla ya Ulaya.

Serikali zilifuata baadaye. Kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015, Rwanda, Uganda na Kenya zilianza kutekeleza makubaliano ya kushusha gharama za simu za wasafiri. Tanzania haikuwamo mwanzoni. Na makubaliano hayo yalianza na simu za sauti, wakati msafiri kijana alikuwa tayari anataka data.

Katika miaka hiyo hiyo laini ilikuwa imebadilika tabia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kadi ya kupigia simu ikawa pochi. Penye pesa pana wezi, na penye wezi dola hutaka majina. Usajili ukawa wa lazima, na Tanzania ikaenda mbali zaidi: mwaka 2019 ikaanza kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mgeni naye akatakiwa kuonyesha pasi.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nyaraka ninazozihitaji nyingine zipo Nairobi. Kwetu nanunua vocha, kule kredo, lakini maswali ya wakala ni yale yale: pasi, picha, jina kamili. Kwangu ni dakika chache za kusubiri. Ninaowafikiria ni akina mama wanaovuka na nyanya asubuhi na kurudi jioni. Wengi wao hawana pasi. Mteja wao yupo ng'ambo, malipo yake yapo kwenye mtandao wa ng'ambo, na laini ya huko wanaipata kwa jina la mtu mwingine. Akikosana naye, au laini ikifungwa, hela iliyomo kisheria si yake.

Sasa kadi yenyewe inatoweka. iPhone 14 zilizouzwa Marekani mwaka 2022 hazikuwa na tundu la laini. Mtandao unapakuliwa kama programu, na msafiri mwenye kadi ya benki ananunua bando la nchi anayokwenda akiwa bado nyumbani. Teknolojia hiyo imemwondolea foleni mtu ambaye mpaka haukuwahi kumsumbua sana. Mama wa nyanya bado anatembea na simu ya laini mbili, 639 upande mmoja na 640 upande wa pili, na moja kati ya hizo ina jina lisilo lake.