Myuko: Joto linavyosafiri katika hewa na maji, mfano wa Delta ya Rufiji

JOTO husafiri kwa njia tatu, nazo ni mpitisho, myuko na mnunurisho. Mpitisho huonekana katika kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya chungu cha moto, na mnunurisho ndio unaolifikisha joto la jua duniani. Myuko ni njia ya vimiminika na gesi, ambamo maji au hewa yenyewe huhama ikiwa imebeba joto.

Maji yaliyo chini ya sufuria yakipata moto hutanuka, huwa mepesi na kupanda juu. Yaliyo baridi, kwa kuwa ni mazito, hushuka kushika nafasi hiyo, nayo hupashwa kwa zamu yake. Mzunguko huo hauhitaji mwiko.

Katika Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, sufuria hiyo ni anga lote. Kilo moja ya maji huhitaji joto takriban mara tano ya kilo ya mchanga mkavu ili kupanda nyuzi moja. Kwa hiyo mchana nchi kavu huwahi kupata moto, hewa yake hupanda, na upepo wa bahari huingia kuziba pengo. Usiku nchi hupoa upesi na upepo hugeuka kuelekea baharini. Chombo cha tanga kinachotoka Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia, huelekea mashariki. Kikiondoka alfajiri husaidiwa na upepo wa nchi kavu, ilhali alasiri hukutana na upepo wa mbele. Hata hivyo, katika mikondo ya delta nahodha hutazama kwanza kujaa na kupwa kwa maji. Kusi na kaskazi nazo huzaliwa na tofauti ya joto kati ya mabara na bahari, ila kwa kipimo cha miezi badala ya saa.

Myuko ukipata nguvu kupita kiasi huleta maafa. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la takriban nyuzi 26.5 au zaidi: mvuke hupanda, hugeuka mawingu na kutoa joto linaloisukuma hewa juu zaidi. Hivyo ndivyo kilivyopata nguvu Kimbunga Hidaya, kilichoifikia pwani ya Tanzania karibu na Mafia Mei 4, 2024, wakati Rufiji na Kibiti zikiwa tayari zimekumbwa na mafuriko.

Wavuvi wa delta hutumia myuko kila siku kwenye chanja za kukaushia samaki. Hewa ya moto hupanda na moshi, hupita kati ya samaki na kuondoka na unyevu wao. Moto ukiwa wazi, sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoroka pembeni, na kinachoteketea ni kuni, nyingine za mikoko, katika eneo ambalo tangu mwaka 2004 limo katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar. Tanuri lenye kuta huilazimisha hewa kupita kwenye samaki kabla ya kutoka, na mzigo uleule hukauka kwa kuni chache.