Adabu za Simu Tangu Enzi za Opereta hadi Kubipu

Historia ya simu huandikwa mara nyingi kama historia ya nyaya, minara na mitambo, huku ikisahauliwa kwamba kila mtambo mpya uliwalazimu watu kukubaliana upya nani aanze kusema, aseme kwa muda gani, kwa gharama ya nani na mbele ya masikio ya nani. Makubaliano hayo ndiyo adabu za simu, yaani kanuni zinazomwezesha mtu kuingia katika shughuli za mwenzake kwa sauti tu, bila kuonekana, na bado asihesabiwe kuwa amemkosea heshima. Vitabu vya malezi vilizikuta kanuni hizo zikiwa tayari zinatumika, kwa sababu chimbuko lake lilikuwa masharti ya mtambo wenyewe na uzito wa mfuko wa mpigaji, na jamii moja baada ya nyingine ikazivisha mila zake.

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu nchini Marekani tarehe 7 Machi 1876, lakini simu za mwanzo zilikodishwa kwa jozi, chombo kimoja kila upande, na waya kati yake ulikuwa wazi wakati wote bila kengele ya kumwita mtu. Swali la kwanza la adabu lilikuwa pia swali la ufundi: mtu aliye upande wa pili ataitwaje? Bell alipendelea neno la mabaharia, «ahoy», ilhali Thomas Edison, katika barua aliyoiandika tarehe 15 Agosti 1877, alishauri «hello» kwa hoja kwamba neno hilo likitamkwa kwa nguvu husikika umbali wa futi 10 hadi 20, kwa hiyo kengele haitahitajika. Salamu ambayo leo wengi huitamka kwa upole, na ambayo kwa Kiswahili imekuwa «haloo», iliingia katika simu ikiwa ukelele wa kuziba pengo la kengele.

Mambo yalibadilika tarehe 28 Januari 1878, mtambo wa kwanza wa kibiashara wa kuunganisha simu ulipofunguliwa mjini New Haven, jimbo la Connecticut. Ubao wake ulihudumia wateja 21 kwa laini 8 tu, maana yake ni kwamba mtu mmoja akizungumza, majirani zake kadhaa walikuwa wanasubiri. Kitabu cha simu kilichotolewa mjini humo mwezi Novemba mwaka huohuo kiliwaagiza wateja namna ya kuanza na kumaliza mazungumzo, kikawawekea ukomo wa dakika 3 kwa kila simu, na kikawakataza kuitumia laini zaidi ya mara 2 kwa saa moja. Kanuni ya kusema kwa ufupi, ambayo vizazi vilivyofuata viliichukulia kuwa dalili ya malezi mema, ilianza kama mgawo wa kitu adimu.

Kati ya mpigaji na mpigiwa alisimama opereta, yaani mfanyakazi aliyepokea ombi la mteja na kuchomeka waya katika tundu la anayetafutwa. Kampuni za mwanzo ziliajiri vijana wa kiume waliozoea kazi za telegrafu, lakini wateja wakachoshwa na matusi na utani wao, na tarehe 1 Septemba 1878 Emma Nutt akaanza kazi mjini Boston, akawa mwanamke wa kwanza kuwa opereta. Kuanzia hapo sauti ya upole na maneno machache yaliyopangwa yakawa sehemu ya ajira, na adabu ya mtumishi ikamfundisha mteja adabu yake. Pamoja na hayo, opereta alikuwa na uwezo wa kusikia kila kitu, na uaminifu wake ulitegemewa kuliko sheria yoyote. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, alibuni mtambo wa kujiunganisha wenyewe, uliopata hataza mwaka 1891, kwa kuwa alimshuku opereta kuwa anawapeleka wateja wake kwa mshindani.

Mashambani Marekani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu nyumba nyingi zilitumia laini ya pamoja, ambayo ni waya mmoja unaopita nyumba kadhaa, kila nyumba ikitambulika kwa mlio wake. Kunyanyua mkono wa simu ili kusikiliza ya jirani lilikuwa kosa ambalo kila mtu alilikemea na wengi walilitenda, na baadaye majimbo kadhaa yalitunga sheria za kumlazimisha anayezungumza aiachie laini panapotokea dharura. Vitabu vya adabu vilikuja nyuma ya mazoea haya: Emily Post, katika kitabu chake cha mwaka 1922, alikiri kwamba kumwalika mtu kwa simu, jambo lililokuwa likionekana la kukosa heshima, lilikwisha kukubalika kwa mialiko isiyo rasmi.

Mwaka 1968 mwanasosholojia Emanuel Schegloff alichapisha uchunguzi wa mianzo ya simu zipatazo 500, akaonyesha kwamba mlio wa kengele ni mwito na neno la kwanza la mpokeaji ni jibu la mwito huo, ndiyo maana kwa kawaida anayepigiwa ndiye anayeanza kusema. Msomaji wa pwani ataliona jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa kengele ni kama hodi mlangoni. Tofauti ni kwamba hodi hubeba sauti ya mwenye kuipiga, na kengele ya simu ya mezani haikubeba chochote. Pengo hilo kila jamii ililiziba kwa namna yake. Waholanzi, kwa mfano, wamezoea kulitaja jina lao mara tu wanapopokea, wakati Waswahili wengi walisubiri kwanza waisikie sauti, kisha wakauliza «nani mwenzangu?», swali ambalo kwa namna lilivyoundwa linamkaribisha mpigaji kabla hajajulikana ni nani.

Katika Afrika Mashariki mawasiliano ya umeme yalitangulia kwa maandishi. Kebo ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879 ikaendelea hadi Msumbiji na Afrika Kusini, na kwa miongo mingi mtu wa kawaida aliyesema amepata simu aliweza kuwa na maana ya simu ya maandishi, yaani telegramu, ambayo mara nyingi ilileta habari ya msiba au ugonjwa. Simu ya sauti ilibaki kuwa mali ya ofisi, maduka na nyumba chache, na hivyo mwenye simu alibeba wajibu wa kumwitia jirani yake, kupokea ujumbe wa mtu asiyemfahamu na kuufikisha kama ulivyo.

Hapo ndipo adabu mbili zilipogongana. Salamu za Kiswahili ni mlolongo: shikamoo kwa mkubwa na marahaba kwa mdogo, kisha habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za wagonjwa, na anayeukatisha mlolongo huo huonekana ana kiburi au ana jambo baya moyoni. Simu, kwa upande wake, ilihesabu fedha tangu neno la kwanza. Wazungumzaji walipata njia ya kati, ambayo inastahili kuheshimiwa: hawakuiacha salamu, bali waliifupisha na kuiombea radhi, wakisema wazi kwamba muda ni mchache na mengine watayaongea wakionana.

Simu za mkononi zilianza kutoa huduma Tanzania mwaka 1994, na kufikia mwaka 2000, kampuni za Vodacom Tanzania na Safaricom ya Kenya zilipoingia sokoni, simu ya kulipia kabla kwa vocha ilikuwa inamfikia mtu wa kipato cha chini. Kwa kuwa aliyelipa ni mpigaji peke yake, na simu isiyopokelewa haikutozwa, palizuka desturi ya kubipu, yaani kupiga na kukata kabla ya kupokelewa, ili mwenye salio apige. Jonathan Donner, mtafiti aliyeishughulikia desturi hii hasa kwa mifano ya Rwanda, alichapisha mwaka 2007 makala iliyozigawa bipu katika aina tatu: ya kuomba kupigiwa, ya kutoa taarifa iliyokubaliwa mapema, kama vile «nimefika, toka nje», na ya kusalimu tu, kumjulisha ndugu au rafiki kwamba anakumbukwa.

Kanuni alizozikuta ni mfumo kamili wa heshima. Mwenye uwezo zaidi ndiye anayelipa, kwa hiyo mwanafunzi humbipu mjomba wala mjomba hambipu mwanafunzi. Anayehitaji fadhila hatakiwi kubipu, kwa kuwa mwombaji hamtwishi anayemwomba gharama ya ombi. Na kijana anayemposa binti akimbipu hujishushia hadhi mwenyewe. Upande wa mpokeaji nao ulikuwa na masharti yake: kuiwahi bipu na kuipokea makusudi kulikuwa kumla mwenzako salio, na wapo walioudhika kwelikweli kwa kitendo hicho. Wakubwa wengine waliiona bipu kuwa ombaomba, lakini hukumu hiyo si ya haki. Kubipu ni sura ambayo Waafrika waliiandika wenyewe katika historia ya simu, na kampuni za simu zilipoanzisha ujumbe wa bure wa kumwomba mtu apige, zilikuwa zinaifuata desturi ambayo wateja walikwisha kuikamilisha.

Simu ya mkononi ilivunja pia dhana ya zamani kwamba anayepokea yuko mahali panapojulikana. Swali la «uko wapi?», ambalo kwenye simu ya mezani lisingekuwa na maana, likawa sehemu ya mwanzo wa mazungumzo, na baadhi ya watu hulichukia wakiliona la upelelezi. Lina kazi nzito, hata hivyo, katika kutoa taarifa ya msiba. Mtoa taarifa mwenye busara huuliza kwanza mwenzake yuko wapi, yuko na nani, na kama anaendesha gari, na akiona yuko peke yake humwahirishia kwa neno la kawaida, akamtafuta mtu mzima aliye karibu naye amfikishie habari ana kwa ana. Vifurushi vya bei nafuu na makundi ya WhatsApp vimeidhoofisha bipu, kwa kuwa sababu yake ya kifedha imepungua, na vimeuleta utaratibu mpya wa kumwandikia mtu kabla ya kumpigia. Kuhusu msiba mabishano bado yanaendelea katika familia nyingi, kwani ujumbe uliowekwa katika kundi humfikia mtoto wa marehemu kwa wakati uleule unaomfikia jirani wa mbali, na wazee wanaodai kwamba wafiwa wa karibu wapigiwe kwanza wanalinda utaratibu wenye mantiki ileile iliyokuwepo kabla ya kundi hilo kuundwa.