Gita la Katanga na Asili Zake

Muziki wa gita uliositawi Katanga baada ya Vita Kuu ya Pili huelezwa mara nyingi kuwa ni mwigo tu. Hoja hiyo haikosi msingi: chombo chenyewe kilitoka ng'ambo, na sahani za santuri zilileta nyimbo za Kuba na za Marekani hadi katika kambi za wafanyakazi. Walakini, anayeishia hapo hajavisikiliza vidole vya mpigaji.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na migodi ya Union Minière ikawakusanya watu wa Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi. Mwanaisimu anajua jinsi neno geni lipokewavyo: huvishwa viambishi vya wenyeji, likapata na wingi wake, hata mjukuu asidhani kwamba liliwahi kuwa geni. Gita nalo lilipokewa vivyo hivyo.

Chukua mfano wa Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 na kujiita Mwenda wa Bayeke, kwa jina la kabila ambalo wakuu wake, akina Msiri, walitoka Unyamwezi. Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Katika «Masanga», kidole gumba hushika sauti za chini na kidole cha shahada hucheza juu. Mapigo yao hupishana, hata gita moja likasikika kama mawili. Aliyezoea likembe hashangazwi na kupishana huko. Tena Mwenda hakuurudia wimbo vilevile: David Rycroft, alipouandikia nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliushughulikia kama ubunifu wa papo kwa papo. Mwigaji gani hubuni upya kila apigapo?

Mkopo huo ulikopeshwa tena. Mwenda alifika Nairobi mwaka 1959, na Édouard Masengo naye alipiga huko. Maneno yao ya Kiswahili yalieleweka, ingawa lahaja ya Katanga huenda iliwachekesha wengine, na vijana wa Kenya wakajifunza kuchezesha vidole kama wao.

Nyumbani, okestra za Léopoldville zenye magita ya umeme na nyimbo za Kilingala zililifunika gita kavu. Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Anayetaka kuandika historia ya Kiswahili cha Katanga hana budi kuzisikiliza sahani zake, kwani zimehifadhi matamshi ya mjini ya miaka ya 1950 ambayo karatasi za ofisi za wakati huo hazikuyajali.