Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike (tarehe ya kuandikwa)

Waraka huu wa mtume Paulo hauna tarehe. Wataalamu wengi huuweka mnamo mwaka 50 au 51 BK, na huenda ndio maandishi ya kale kuliko yote katika Agano Jipya. Ushahidi mkuu ni wa jiwe: vipande vilivyopatikana Delphi, Ugiriki, vyenye barua ya Kaisari Klaudio ya mwaka 52 hivi, inayomtaja Galio, liwali wa Akaya. Kitabu cha Matendo (sura ya 18) chasimulia Paulo akishtakiwa mbele ya Galio huyo mjini Korintho, alikokaa mwaka mmoja na nusu. Waraka wenyewe unasema Timotheo ndiyo kwanza amerejea kutoka Thesalonike. Matendo humfikisha Timotheo Korintho mapema katika ukaazi huo wa Paulo, hivyo waraka yaelekea uliandikwa wakati huo. Hoja ina nguvu, ingawa inaegemea Matendo, kitabu kilichoandikwa miongo kadhaa baadaye.