Chuo cha Morogoro na Hesabu ya Mabwana Shamba

Siku hizi karibu kila taasisi ina mpango mkakati. Ukiingia katika ofisi ya umma, hata ile ambayo kiti cha mgeni kimevunjika mguu, utakuta kitabu chenye jalada la rangi, na ndani yake dira, dhamira, malengo na majedwali. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Lakini juma hili nataka tuchukue chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro, mji kasoro bahari, tuangalie alikotoka, na tujiulize: mipango yake, tangu mwanzo, ilikuwa ikimhesabu nani? Nauliza sasa kwa sababu fedha nyingi zimeelekezwa tena katika vyuo vikuu vyetu. Mradi wa HEET, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, peke yake ni dola milioni 425, na Morogoro ni mojawapo ya vyuo vilivyomo. Fedha ikiwa haba watu hupanga kwa hofu. Ikija kwa wingi hupanga kwa haraka.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Nchi hii ilipokaribia uhuru mwaka 1961 ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji. Waliokaa mijini walikuwa wachache sana. Mwezi Oktoba mwaka huo huo chuo chetu cha kwanza cha elimu ya juu kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilianza na wanafunzi 13, na wote walikuja kusoma sheria. Haukuwa uzembe. Afrika Mashariki ilikuwa imegawana masomo kama ndugu wanavyogawana mirathi: udaktari wa binadamu na kilimo vilikuwa Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo vilikuwa Nairobi, na sheria ikaangukia Dar es Salaam. Basi kijana wa Usukumani aliyetaka shahada ya kilimo ilimbidi avuke ziwa aende Uganda, na yule wa Umasaini aliyetaka kutibu ng'ombe kwa shahada alielekea Kenya.

Sisemi mawakili hawakuhitajika. Dola changa lilihitaji watu wa kuandika sheria zake. Nasema tu kwamba katika mgao ule mkulima wa Tanganyika alisubiri.

Mwaka 1965 ndipo chuo cha kilimo kilipoanzishwa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kutoa stashahada. Mahali penyewe pana historia yake, nayo inafaa kukumbukwa na yeyote anayekaa pale kupanga. Miaka kumi tu kabla ya hapo, mwaka 1955, milima ile ile iliona ghasia. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuokoa ardhi ya Uluguru isimomonyoke, na wataalamu wakaamua kwamba dawa ni matuta ya ngazi, kila mtu ayachimbe, atake asitake. Waluguru walichimba. Kisha wakaona udongo mzuri wa juu umefukiwa, udongo mbaya wa chini umekuja juu, kazi imekuwa maradufu na mahindi yamedumaa. Kule Matombo watu waliandamana, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Ukivuka kwenda upande wa Dodoma unafika Kongwa, ambako Waingereza walitumia zaidi ya pauni milioni 35 kulima karanga kuanzia mwaka 1947, wakafunga virago mwaka 1951 baada ya ardhi na mvua kukataa kufuata makaratasi ya London. Mipango yote miwili iliandikwa na watu wenye elimu. Tatizo halikuwa ujinga wa mashuleni.

Sasa turudi chuoni. Ili kuelewa kwa nini chuo cha Morogoro kilichukua sura kiliyoichukua, lazima tufungue Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1964 hadi 1969. Mpango ule uliweka shabaha tatu za kufikiwa ifikapo mwaka 1980: pato la kila mtu lipande hadi pauni 45 kwa mwaka, umri wa kuishi ufike miaka 50, na taifa lijitosheleze kwa wataalamu wake wenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo iliyojenga vyuo vyetu. Serikali ilihesabu nafasi za kazi zilizopo na zitakazokuwapo, ikatazama ni ngapi zimeshikwa na wageni, kisha ikaviambia vyuo: tuleteeni watu kadhaa wa fani hii na kadhaa wa fani ile. Mwanafunzi alisomeshwa kwa kodi ya mkulima, akala na kulala bure, na alipomaliza alipangiwa kituo. Bwana shamba alijua atakuwa bwana shamba kabla hajavaa joho.

Mimi ni mmoja wa wanaouheshimu utaratibu ule. Ulimtoa mtoto wa maskini kijijini na kumfanya mtaalamu katika kizazi kimoja. Lakini tazameni hesabu yenyewe ilivyokaa. Iliyohesabiwa ilikuwa nafasi ya kazi serikalini. Mkulima alikuwa mwisho wa mnyororo, mtu wa kupelekewa. Kama mahindi yalimstawia au hayakumstawia, hilo halikuwa na safu katika jedwali la chuo.

Kwa hesabu hiyo chuo kilikua haraka. Mwaka 1969 kikawa Kitivo cha Kilimo cha chuo cha Dar es Salaam, na mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjika vipande vitatu, kikabaki mikononi mwa Mlimani. Mwaka 1974 ikaongezwa misitu, na mwaka 1976 tiba ya mifugo. Wanorwe walisaidia upande wa misitu na Wadenmark upande wa mifugo. Huko nje ya ua wa chuo mambo yalikuwa yakienda mbio vilevile. Azimio la Iringa lilitangaza Siasa ni Kilimo mwaka 1972. Njaa ya 1973 na 1974 ikaleta Kilimo cha Kufa na Kupona, na vijiji vikahamishwa kwa mamilioni ya watu. Bwana shamba aliyetoka Morogoro miaka ile aliingia kijijini akiwa nusu mtaalamu na nusu mjumbe wa amri: pandeni kwa mistari, limeni ekari kadhaa, pamba mahali hapa, mihogo mahali pale. Wazee wengi vijijini bado wanamkumbuka kwa fimbo ya kupimia nafasi kati ya shina na shina. Kama alijua pia kusikiliza, basi alikujifunza huko huko kazini.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari pale Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria Namba 6, na tarehe 1 Julai kitivo kikawa chuo kikuu kamili chenye jina lake. Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, mwalimu wa hisabati. Wapo waliojiuliza mtu wa hesabu anatafuta nini shambani. Mimi naona hesabu ndiyo hasa iliyokuwa ikikaribia kukiumbua chuo kile.

Kwani miaka miwili baadaye, 1986, serikali ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yake yakaanza kushuka ngazi kwa ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ule utaratibu wa kumpangia kazi kila mhitimu ukakoma. Kuanzia mwaka 1992 wazazi wakaanza kusikia neno jipya, uchangiaji gharama. Kuanzia 1993 makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali wakapunguzwa kazini. Fikirini maana yake kwa chuo kilichojengwa juu ya hesabu ya nafasi za serikali. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, naye amefunga duka. Vitivo vilikuwapo, walimu walikuwapo, maabara zilikuwapo, lakini lile swali la mwaka 1964, mnataka watu wangapi, halikuwa tena na wa kulijibu.

Ndipo ilipoanza enzi ya mipango mikakati. Mlimani walitangulia mwaka 1994 na programu yao ya mageuzi, na vyuo vingine, Morogoro wakiwamo, wakafuata njia hiyo. Kwa mara ya kwanza chuo kilitakiwa kijiulize chenyewe kinaishi kwa nini na kwa faida ya nani. Hilo lilikuwa jambo jema, na nadhani lilichelewa. Ila desturi ya zamani haifi kwa siku moja. Palipokuwa na serikali pakaingia wafadhili. Swali likawa wao wanataka nini. Baadaye, Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo ilipoanza mwaka 2006, na lengo la afisa ugani mmoja kila kijiji likatangazwa, ajira zilirudi kiasi na watu wakapumua. (Bwana shamba alikwishabadilishwa jina akawa afisa ugani. Mkulima yeye hajabadilishwa jina.)

Sasa nije kwenye lile linalonifanya nisikate tamaa na chuo kile. Ukiuliza Morogoro imetoa nini kinachoonekana kwa macho, majibu mazuri kabisa hayatoki katika hesabu ya nafasi za kazi.

Chukua maharage. Mwaka 1990 watafiti wa Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walitoa mbegu iliyoitwa SUA 90. Baadaye zikafuata Rojo, Mshindi na Pesa. Mama anayelima maharage haangalii gunia peke yake. Anaangalia rangi, anaangalia yanakula kuni kiasi gani mpaka yaive, mchuzi wake ukoje, na mnunuzi sokoni atayatupia jicho au atapita. Mtafiti asiyeyajua hayo atatoa mbegu yenye mavuno makubwa ambayo hakuna atakayeipanda mara ya pili. Kwa hiyo kazi ya maharage humlazimisha msomi aingie jikoni.

Au chukua Mbinga. Katika miaka ya 1990 watu wa Morogoro na wenzao wa Kijapani kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto walikwenda Umatengo kuchunguza ngoro. Wamatengo, kwenye miteremko mikali, hulaza majani yaliyofyekwa kwa mistari inayokatizana, wakayafukia kwa udongo, na katikati pakabaki mashimo yanayokamata maji ya mvua. Majani yanaoza chini na kuwa mbolea, udongo hauteremki, na shamba linapokezana maharage na mahindi. Hakuna serikali iliyowaamuru. Lilinganisheni hilo na matuta ya Uluguru: kule mtaalamu alipanda mlima kufundisha akafukuzwa, huku alipanda mlima kujifunza akakaribishwa. Kutokana na kazi ile chuo kilianzisha kituo chake cha maendeleo endelevu ya vijijini mwaka 1999, kwa msaada wa Japani.

Na kuna panya. Morogoro ilikuwa imechunguza panya waharibifu wa mahindi kwa miaka mingi, kazi isiyo na sifa yoyote kwenye magazeti. Mwaka 2000 shirika la Kibelgiji la APOPO likahamia pale chuoni na wazo ambalo wengi walilicheka, la kumfunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya wa Morogoro wamefanya kazi hiyo Msumbiji na Kambodia, na wengine wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Hakuna ofisa wa mipango wa mwaka 1964 ambaye angeandika panya katika jedwali lake, wala simlaumu.

Hata majengo mengine yalikuja bila kupangwa. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga shule yake Mazimbu, katika lililokuwa shamba la mkonge, na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992, wakimbizi walipokuwa wakirejea kwao, mali ile ilikabidhiwa serikali yetu, na chuo cha kilimo kikapata kampasi ya pili. Leo pale na kwingineko chuoni yanafundishwa mengi ambayo si jembe wala ng'ombe: ualimu, utalii, mawasiliano ya kompyuta, biashara. Nawaelewa. Chuo kinahitaji karo, na vijana wanahitaji kazi. Lakini nchi iliyoanza elimu ya juu kwa kumsubirisha mkulima inapaswa kuangalia sana asije akarudishwa nyuma ya foleni ndani ya chuo chake mwenyewe.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo iliruka kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na mashamba makubwa ya vijana yakaanza kufyekwa Dodoma. Serikali imerudi kuwa mnunuzi mkubwa. Watakaokaa Morogoro kuandika mpango unaofuata watavutwa kurudi kwenye hesabu waliyoizoea: mwaka huu zinatakiwa nafasi ngapi, mradi huu unataka wahitimu gani, jengo hili litabeba wanafunzi wangapi. Hayo yote waandike. Mimi naomba waongeze safu moja tu katika jedwali lao. Wataje kwa idadi kaya za Mgeta, Mvomero na Kilosa, ambazo haziko mbali na geti la chuo, zilizopanda mbegu au kufuata njia iliyotoka chuoni, na ngapi kati yao ziliirudia msimu wa pili kwa fedha yao wenyewe, bila posho ya semina na bila kofia ya mradi.