Fundichuma

Fundichuma (*Scopus umbretta*), au msingwe, ni ndege wa kahawia mwenye kishungi kilichoelekea nyuma, mla vyura na samaki. Huishi Afrika kusini kwa Sahara, Madagaska na kusini-magharibi mwa Uarabuni. Ajabu yake ni kiota: rundo la maelfu ya vijiti kwenye panda ya mti, lenye upana unaoweza kufika mita 1.5, na paa linaloweza kumbeba mtu mzima. Ujia mwembamba uliokandikwa tope huelekea chumba cha mayai. Juu huwekwa matambara na mifupa, kwa sababu aijuayo mwenyewe. Bundi, kanu na nyoka hukihamia. Kusini mwa Afrika husemwa kwamba anayekibomoa hupigwa na radi; Madagaska, hupatwa na ukoma.